Kocha ahukumiwe kwa mizani ipi?

Kitenzi "kushindwa" kina maana mbili ambazo mzawa wa Kiswahili hujua kuzitenganisha bila kufundishwa na yeyote. Ukisema Juma ameshindwa na Ali, una maana kwamba wawili hao walikabiliana na Ali akawa bora siku hiyo. Ukisema Juma ameshindwa kuogelea, hapo Ali hayumo kabisa. Unazungumzia upungufu wa Juma mwenyewe. Kiungo kidogo "na" ndicho kibebacho tofauti yote hiyo. Kikiondolewa, tukasema tu kwamba Juma ameshindwa, msikilizaji huachiwa achague mwenyewe, na mara nyingi huchagua maana iliyo mbaya zaidi.

Nimeanza na sarufi kwa kuwa ndiyo inilishayo, lakini ninalokusudia kulijadili leo ni michezo. Kila mwaka, kati ya katikati ya Machi na siku za mwanzo za Aprili, vyuo vikuu vya Marekani hukutana katika mashindano ya mpira wa vikapu yanayoliteka taifa zima. Ndani ya majuma matatu hivi, makocha kadhaa hupandishwa hadhi, wengine huonyeshwa mlango, na takriban wote hutolewa hukumu kwa kauli fupi isiyo na kiungo: fulani ameshinda, fulani ameshindwa. Dai langu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa kwa mizani mbovu, na kwamba mizani iliyo bora ipo na imekuwapo kwa miaka mingi, ila haipendwi.

Msomaji asiniulize haya yanatuhusu nini sisi. Tangu enzi za Henry Rono, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, hadi kwa Edward Cheserek, aliyezoa mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon, vijana wetu wengi wamesomea huko kwa ufadhili wa michezo. Kocha ndiye aliyewaalika, ndiye aliyewasimamia, na namna anavyopimwa yeye ndiyo huamua namna anavyowatendea wao.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, nieleze utaratibu wake kidogo. Mashindano ya wanaume yalianza mwaka 1939 kwa timu 8 tu, na Chuo Kikuu cha Oregon kikatwaa taji kwa kuilaza Ohio State 46–33. Timu ziliongezeka pole pole hadi zikafika 64 mwaka 1985, kisha 68 mwaka 2011. Yale ya wanawake yalianza kusimamiwa na chama hicho hicho, NCAA, mwaka 1982. Kabla ya mechi ya kwanza kuchezwa, timu huwa tayari zimekwisha kuhukumiwa mara moja. Mabingwa wa ligi mbalimbali huingia moja kwa moja, na waliosalia huteuliwa na kamati ya wasimamizi wa michezo wa vyuo na ligi. Kamati hiyo huzigawa timu katika kanda nne na kuzipa nambari kuanzia 1 hadi 16 katika kila kanda. Nambari 1 hukutana na 16, nambari 2 na 15, na kadhalika. Tangu msimu wa 2018/19 wajumbe wamekuwa wakitumia orodha iitwayo NET, iliyochukua mahali pa ile ya RPI iliyokuwa ikitumika tangu 1981. Katika hesabu hiyo, kuishinda nyumbani timu iliyo miongoni mwa 30 bora huwekwa daraja moja na kuishinda ugenini timu iliyo miongoni mwa 75 bora, kwa maana kila mtu anajua kelele za wenyeji zina uzito wake. Mjumbe ambaye chuo chake kinajadiliwa hutoka chumbani, kama hakimu ajiondoaye katika kesi ya nduguye.

Hiyo, kwa maoni yangu, ni hukumu ya haki kadiri binadamu awezavyo. Imejengwa juu ya mechi thelathini hivi zilizochezwa kwa miezi minne, nyumbani na ugenini, dhidi ya wanyonge na wababe. Kisha, ajabu ni kwamba hukumu hiyo ya miezi minne hutupwa kando na mahali pake kuchukuliwa na ya saa mbili. Mashindano yenyewe ni ya muondoano. Timu ikipigwa mara moja hufunga virago, hata kama ilikuwa haijapigwa tangu Novemba.

Hebu tutazame hesabu, ambayo haina upendeleo. Timu iliyo miongoni mwa 64 huhitaji ushindi wa mechi sita mfululizo ili kutwaa taji. Tuchukue timu bora mno, yenye uwezo wa kushinda kila mechi kwa asilimia 80. Uwezekano wake wa kushinda zote sita ni asilimia 26 tu, yaani takriban mara moja katika kila miaka minne. Tuipandishe hadi asilimia 90, kiwango ambacho ni nadra timu kukifikia dhidi ya wapinzani wa hatua za mwisho: bado ni asilimia 53, karibu sawa na kurusha sarafu. Kwa hiyo kocha aliyejenga timu bora kuliko zote nchini, bila ubishi wowote, ana kila sababu ya kutarajia kwamba mwaka huo huo atarudi nyumbani bila kombe. Je, huyo ameshindwa? Na kama ameshindwa, ni kwa maana ipi kati ya zile mbili?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa marehemu John Thompson wa Chuo Kikuu cha Georgetown, jijini Washington. Aliichukua timu hiyo mwaka 1972 ikiwa imetoka katika msimu wa ushindi wa mechi 3 na vipigo 23. Alipostaafu mwaka 1999 alikuwa na ushindi wa mechi 596 na vipigo 239. Lakini mwulize mshabiki wa kawaida naye atakuhesabia fainali tatu. Mwaka 1982, dhidi ya North Carolina mjini New Orleans, timu yake ilikuwa nyuma 63–62 zikiwa zimebaki sekunde chache. Mlinzi wake, Fred Brown, akautoa mpira kwa mtu aliyedhani ni mwenzake. Alikuwa James Worthy wa North Carolina. Mchezo ukaishia hapo. Mwaka 1984 Georgetown iliicharaza Houston 84–75, na Thompson akawa kocha wa kwanza mweusi kutwaa taji hilo la wanaume katika daraja la juu. Mwaka 1985 ilirudi tena fainalini na kupoteza 66–64 mbele ya Villanova, timu iliyopewa nambari 8 na ambayo Georgetown ilikuwa imeishinda mara mbili msimu ule ule. Siku hiyo Villanova ilirusha mpira kikapuni mara 28 na kuutia mara 22. Hakuna kocha duniani aliye na dawa ya jambo kama hilo.

Ukijumlisha tofauti ya pointi katika fainali mbili alizopoteza utapata 3. Pointi tatu, katika dakika themanini za mchezo, ndizo zinazomtenga mtu mwenye taji moja na mtu ambaye angekuwa na matatu na kutajwa kwa pumzi moja na magwiji wa mwanzo wa mchezo huo. Ujuzi wake usingebadilika hata chembe. Mazoezi yangekuwa yale yale, wachezaji wale wale, mkakati ule ule, ila mkono mmoja uliofumba badala ya kufumbua.

Na upande wa pili wa pasi ile ya Brown alikuwapo mtu mwingine aliyekuwa akisubiri hukumu. Dean Smith alikuwa ameifunza North Carolina tangu 1961. Mwaka 1965 wanafunzi wa chuo chake walitundika sanamu yake mtini kwa hasira baada ya kipigo. Alikuwa ameifikisha timu katika nusu fainali za taifa mara sita bila kombe, na magazeti yalikuwa yamekwisha kumpa jina la mtu asiyeweza kushinda mechi kubwa. Kwa pasi moja iliyopotea njia, lawama zile zikayeyuka usiku mmoja. Wawili hao walikuwa marafiki. Thompson alikuwa msaidizi wa Smith katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, ile ambayo Kenya na nchi nyingi za Afrika ziliisusia. Nadhani wote wawili walijua vyema kwamba usiku ule wa New Orleans haukumfunza yeyote lolote kuhusu ni nani kati yao aliyekuwa kocha bora. Kamera zilimnasa Thompson akimkumbatia Brown mara tu kipenga kilipolia. Miaka miwili baadaye, walipotwaa taji, alimkumbatia tena.

Nilipokuwa Marekani nikisomea shahada ya uzamifu, karo yangu ililipwa kwa kazi ya kufundisha Kiswahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kulikuwa na kijana mmoja darasani aliyekuwa mchezaji wa timu ya chuo, mrefu kiasi cha kulazimika kuinama mlangoni, mwenye bidii ya wastani na masikio mazuri mno ya kusikia toni. Timu yao ilipotolewa katika mashindano ya ligi yao, alirudi darasani siku ya Jumatatu nikamwomba awaeleze wenzake kwa Kiswahili yaliyotokea. Akafungua kamusi, akatafuta, kisha akaniinulia uso.

"Mwalimu," akasema, "kamusi inasema kushindwa ni kutoweza. Lakini sisi tuliweza. Wao walitupita pointi mbili."

Nikamfundisha kiungo "na" na mtendewa wake: tumeshindwa na wao. Akaliandika neno lile dogo kwa herufi kubwa daftarini. Juma lililofuata kocha wao alifutwa kazi, na taarifa iliyotolewa na chuo haikuwa na kiungo chochote.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba matokeo hayana maana, wala siwatetei makocha wazembe. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na methali hii, tukiitazama vizuri, inazungumzia kushindwa kwa maana ya kwanza tu: kumkubali aliyekupita. Haimwamuru mtu akubali kwamba hawezi. Wala siwalaumu sana waandishi wenzangu wa kurasa za michezo, ijapokuwa msamiati wao unanitia wasiwasi. Katika kurasa hizo timu haishindwi. Hunyukwa, hutandikwa, hung'utwa, hulimwa, hucharazwa. Mimi mwenyewe nimelitumia mojawapo hapo juu bila kuona haya. Vitenzi vyote hivyo ni vya bakora, na anayepigwa bakora katika utamaduni wetu wa shule hudhaniwa kuwa amekosa.

Kuna watakwimu waliojaribu kuitengeneza mizani hii. Wanasema: tusihesabu mataji, tuhesabu kila kocha ameshinda mechi ngapi kuliko ilivyotarajiwa kwa nambari aliyopewa. Tangu 1985 timu za nambari 1 zimeshinda, kwa wastani, zaidi kidogo ya mechi tatu kila mwaka. Kwa hiyo kocha wa nambari 1 anayetolewa katika hatua ya timu nane bora amefanya takriban kile kilichotarajiwa, na yule wa nambari 12 aliyeshinda mechi mbili amepita matarajio kwa mbali. Njia hii ni afadhali, lakini ina kasoro ambayo nashangaa haizungumzwi zaidi. Nambari yenyewe ni tunda la kazi ya kocha. Aliyefanya kazi nzuri tangu Novemba hadi Februari hupewa nambari 1, na kwa hivyo huwekewa matarajio makubwa. Aliyezembea akapewa nambari 9 huwekewa matarajio madogo, na akishinda mechi mbili hushangiliwa kuwa bingwa wa mbinu. Ni sawa na mkulima aliyepata mavuno mema kisha akatozwa faini kwa kuwa ghala lake halikujaa zaidi.

Kosa hili hukata pande zote mbili. Mwaka 2022 chuo kidogo cha Saint Peter's cha New Jersey, kikiwa na nambari 15, kiliiangusha Kentucky 85–79 katika muda wa ziada na kusonga hadi timu nane za mwisho, jambo ambalo hakuna nambari 15 iliyowahi kulifanya. Siku chache baada ya safari hiyo kukoma, kocha wake, Shaheen Holloway, aliajiriwa na Seton Hall, chuo alichokichezea ujanani. Msimu wa 2024/25 Seton Hall ilishinda mechi 7 na kupoteza 25. Sidhani kwamba Holloway alisahau kazi yake. Nadhani tu kwamba hakuwa malaika mwaka 2022 wala hakuwa mjinga mwaka 2025, na kwamba mechi tatu za Machi si ushahidi wa kutosha kuandikia historia ya mtu.

Wale wanaopenda mambo yaliyo wazi zaidi waitazame Virginia. Tarehe 16 Machi 2018 timu hiyo, iliyokuwa nambari 1 kuliko timu zote nchini, ilipigwa 74–54 na chuo cha UMBC kilichokuwa na nambari 16. Hadi usiku ule nambari 1 zilikuwa zimekutana na nambari 16 mara 135 katika mashindano ya wanaume na kushinda zote. (Kwa wanawake, Harvard ilikuwa imekwisha kuitoa Stanford 71–67 mwaka 1998, lakini watu husahau.) Ilisemwa kwamba mtindo wa kocha Tony Bennett, wa kucheza pole pole na kuzuia sana, haufai kabisa kwa mashindano ya aina hii. Mwaka uliofuata Bennett alirudi na mtindo ule ule na wachezaji wengi wale wale. Dhidi ya Purdue, Mamadi Diakite, kijana mzaliwa wa Guinea, alisawazisha kwa mpira uliomtoka mkononi kipenga kikikaribia kulia. Katika nusu fainali dhidi ya Auburn, Kyle Guy alipewa mitupo mitatu ya adhabu ikiwa imebaki sehemu sita za kumi za sekunde, akaitia yote, 63–62. Fainali nayo ikaenda muda wa ziada, na Virginia wakawa mabingwa kwa 85–77. Mtindo uliosemwa haufai ukawa somo la kufundishwa katika semina za makocha. Mtindo wenyewe ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kuingia kwa mipira miwili au mitatu ambayo ingaliweza kugonga chuma na kutoka.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu, marais wa vyuo na maprofesa wenzangu, waendelee kuitumia mizani hii? Sababu moja ni fedha. Kila mechi ambayo timu ya wanaume inacheza katika mashindano haya huiingizia ligi yake fungu linalolipwa kwa miaka sita, na jumla yake ni karibu dola milioni 2. Chuo kikipata taji, waliohitimu zamani hutoa michango na vijana hujazana kuomba nafasi. Kocha anayetolewa Alhamisi ya kwanza amekitia chuo hasara inayoweza kuandikwa katika daftari. Sababu ya pili ni uvivu, ambao sisi Wakenya tunaufahamu vizuri. Kwa miaka mingi, hadi ule wa mwisho wa KCPE ulipofanywa mwaka 2023, mwalimu wa darasa la nane alikuwa akibebwa juu kwa juu na wazazi au kufukuzwa kijijini kwa mawe kutegemea wastani wa mtihani wa siku tatu. Kujua alichokifanya kwa miaka minane kulihitaji mtu kwenda shuleni, kuketi na kutazama. Wastani ulisomwa gazetini.

Nilitaja mizani iliyo bora. Neno tunalolitumia, "kocha", tumeliazima. Kenya tuna pia "mkufunzi", na wenzetu wa Tanzania humwita "mwalimu" bila kusita. Neno la Watanzania ndilo lenye hekima. Mchezaji wa chuo ni mwanafunzi, na wengi mno kati yao hawatawahi kulipwa ili wacheze baada ya kuondoka chuoni. Thompson aliweka ofisini mwake mpira uliotolewa upepo ili kila kijana aingiaye auone na ajiulize atakuwa nani siku mpira utakapoisha upepo. Kati ya wachezaji wake 78 waliokaa miaka minne, 76 walihitimu. Naelewa kwamba kishazi "waliokaa miaka minne" kinapunguza uzito wa hesabu hiyo, maana waliohama au kuacha hawamo. Hata hivyo ni takwimu ya kazi ya miaka 27, nayo haitegemei mpira kugonga chuma.

Januari 1989 alifanya jambo ambalo halimo katika orodha yoyote ya ushindi. NCAA ilikuwa imepitisha kanuni iliyojulikana kama Pendekezo la 42, ambalo lingewanyima ufadhili vijana wasiofikisha alama fulani katika mitihani ya kuingilia chuo. Thompson alitoka uwanjani kabla ya mechi dhidi ya Boston College kuanza, akiwaacha wasaidizi wake na timu, kwa hoja kwamba mitihani ile iliwabagua watoto wa maskini na weusi. Mimi kama mwanaisimu namuunga mkono kwa sababu yangu mwenyewe: mtihani wa msamiati hupima kwanza nyumba ambayo mtoto amelelewa, ndipo upime akili yake. Mwaka uliofuata kanuni hiyo ililegezwa. Hapo tena palikuwa na swali lile lile la siku moja kumhukumu mtu, na safari hii aliyehukumiwa alikuwa kijana wa miaka kumi na minane.

Katika timu ya msimu huo alikuwamo kijana kutoka Kinshasa aliyekuja Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Dikembe Mutombo hakujua Kiingereza cha kutosha alipofika. Alipoondoka mwaka 1991 alikuwa na shahada ya isimu na diplomasia, jambo linalonipa fahari isiyo na msingi kila ninapolitaja. Kwa mizani ya Machi, miaka ya Mutombo ilikuwa ya kushindwa: mwaka 1989 Georgetown, nambari 1, nusura itolewe na Princeton, nambari 16, ikaponea 50–49, kisha ikatolewa katika hatua ya timu nane bora, miaka miwili iliyofuata haikupita raundi ya pili. Mutombo alifariki Septemba 2024 akiwa na umri wa miaka 58. Hospitali aliyoijenga Kinshasa na kuipa jina la mamake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa mwaka 2007 ikiwa na vitanda 300. Sidai kwamba kocha ndiye aliyeijenga. Nasema tu kwamba ukiulizwa ni nini kilichotokea Georgetown kati ya 1987 na 1991, raundi ya pili ni jibu la ajabu.

NCAA yenyewe inajua haya. Tangu katikati ya miaka ya 2000 imekuwa ikikokotoa alama za maendeleo ya masomo kwa kila timu: katika kila muhula mchezaji huiletea timu pointi moja akiwa amefaulu vya kutosha kuruhusiwa kucheza, na nyingine akibaki chuoni au kuhitimu. Kwa alama hizo, Chuo Kikuu cha Connecticut kilichokuwa bingwa mwaka 2011 kilizuiwa kushiriki mashindano ya 2013. Adhabu iliwaangukia vijana ambao wengi wao hawakuwa wameichuma, na kocha aliyetwaa taji lile alikuwa amekwisha kustaafu kwa shangwe. Mwaka 2014 chuo hicho kiliruhusiwa kurudi, kikatwaa taji. Nani alikumbuka zile alama? Waliokumbuka walizitaja kama kikwazo ambacho timu ilikiruka.

Hapa pana ugumu mmoja ambao sitaki kuuficha. Tangu 2021 mchezaji wa Marekani amekuwa huru zaidi kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima, naye akaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina lake. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kumlipa. Kijana anaweza kupita mikononi mwa makocha watatu kwa miaka minne. Tony Bennett aliiacha kazi Oktoba 2024, majuma machache kabla ya msimu, akieleza kwamba hakuumbwa kwa mazingira hayo mapya. Huyu ndiye aliyekataa nyongeza ya mshahara baada ya taji la 2019 na, pamoja na mkewe, akaahidi dola 500,000 kwa mpango wa kuwaandaa wachezaji kwa maisha ya kazi. Katika hali hii, shahada ya kijana aliyehama mara mbili ihesabiwe kwa nani? Jibu langu ni kwamba igawanywe kwa mihula, kama mshahara unavyogawanywa: kocha wa muhula fulani aulizwe kama katika muhula huo mwanafunzi wake alifaulu, na kama alipoondoka aliondoka akiwa na alama za kumwezesha kuendelea mahali pengine. Takwimu hizo tayari hukusanywa kila mwaka na kutumwa kwa NCAA. Hakuna linalomzuia rais wa chuo kuliagiza faili hilo lifike mezani siku ya kujadili mkataba wa kocha, pamoja na matokeo ya mechi zile thelathini.